Nilivyomsemea Bibi Gaudensia

Ipo siku moja ambayo naikumbuka hata nisipotaka, mwanangu. Naikumbuka nikichambua maharage, naikumbuka kanisani wakati padri anahubiri mambo mengine kabisa. Ilikuwa asubuhi ya mwezi wa sita, na wewe uliyezaliwa Ufipa huhitaji kuelezwa baridi ya mwezi wa sita. Nilikuwa nimesimama uani kwa Bibi Gaudensia, mfinyanzi wa vyungu, katika kijiji kimoja nyuma ya Kaengesa, nikiwa na umri wa miaka ishirini na mitatu na akili ya miaka kumi.

Nakusimulia habari hii kwa sababu nimechoka. Ndiyo, nimechoka, usinitazame hivyo. Kila mara nawaona na makamera yenu na simu zenu, mnawaendea akina mama mashambani, mnawarekodi, mnaondoka. Nikiwauliza yule mama amesema nini, mnanijibu, "Bibi, hiyo tutaipanga tukifika mjini." Mtaipanga! Maneno ya mtu hupangwa kama viti vya harusi? Haya, kaa chini. Zima hicho kidude, usikilize kwa masikio uliyopewa na Mungu.

Miaka ile milango ya biashara ilikuwa imefunguliwa. Soko la Sumbawanga lilijaa mitumba na ndoo za plastiki za kila rangi, na malori ya watu binafsi yalifuata mahindi mpaka Chala na mbele ya Chala. Lakini vingine vilifunguka na vingine vikafungwa, na ofisi ya ushirika nilimokuwa nikipiga taipu ilikuwa katika vilivyofungwa. Nikarudi mtaa wa Kizwite, pale Sumbawanga, kwa mama yangu na cheti changu cha kidato cha nne, nikikaa barazani, nikiwatazama wapita njia kana kwamba mmoja wao amebeba kazi yangu.

Ndipo wakaja watu wa filamu kutoka Dar es Salaam. Walikuwa wawili, mpiga picha na mkubwa wake tuliyemwita Dairekta, naye alipenda kuitwa hivyo. Walikuwa wanatengeneza filamu kuhusu wanawake wa Ufipa, wafinyanzi na wakulima wa matuta. Dairekta hakujua hata salamu ya Kifipa, akatafuta mkalimani, akanipata mimi. Aliniambia kwamba kazi ikienda vizuri, nafasi ya kunipeleka ofisini kwake Dar haitakosekana. Maneno hayo yaliniingia kichwani kama pombe ya ulezi kwa mtu ambaye hajala.

Hakuwa mtu mbaya. Hilo naliweka wazi, maana ninyi mnapenda hadithi yenye mbaya mmoja ili wengine wote tupumue. Alikuwa mtu mwenye haraka, na tayari alikuwa na filamu yake kichwani kabla hajaliona hata tuta moja.

Bibi Gaudensia alikuwa na miaka kama sitini, mjane wa miaka miwili. Alikuwa mrefu, na mikono yake ilikuwa imefanana na udongo aliokuwa akiukanda. Alikuwa amewafundisha ufinyanzi wanawake wa vijiji vitatu. Ndoo za plastiki zilipokuja na watu wakaacha kununua mitungi ya maji, wenzake walilalamika. Yeye akaanza kufinyanga majiko ya udongo, na vyungu vya pombe vikubwa kuliko vya zamani. "Ndoo haiivishi pombe," alikuwa akisema, halafu anacheka kwa kifua kizima.

Asubuhi ile alikuwa amevaa sweta la kijani la mtumba, la kiume, na viatu vyeupe vya raba. Alijipamba kwa ajili yetu. Dairekta alimtazama, akakunja uso.

"Mwambie avue hilo sweta," akaniambia. "Na viatu. Nataka aonekane wa asili."

Nikamwambia Bibi kwa Kifipa. Akanitazama mimi, akamtazama Dairekta na koti lake zito, akasema, "Mwambie mimi si kuku wa kunyonyolewa. Kama anataka kuona mtu mwenye baridi, avue yeye."

Nikamgeukia Dairekta. "Anasema anaumwa kifua," nikasema.

Mwanangu, huo ndio uongo wangu wa kwanza, na ulikuja umevaa nguo ya adabu. Nilijiambia kwamba napatanisha watu. Nilijiambia mkalimani mzuri ni yule anayewafanya wote wawili wafurahi. Hayo ni maneno ya kijinga, na nimewasikia wengi wenu mkiyasema hata leo. Mkalimani si mshenga.

Dairekta akaliacha sweta, tukaendelea. Bibi alikaa chini na udongo wake, akalainisha mdomo wa chungu kwa gunzi la mahindi, na Dairekta akawa anauliza. Lakini maswali gani yale! Muulize anateseka vipi. Muulize kama analala na njaa. Muulize kama huwa analia. Bibi alikuwa anajibu kwa utulivu na kwa kirefu, kama mtu anayeheshimu swali hata likiwa bovu, na mimi nilikuwa nimesimama kando ya kamera nikimnong'oneza Dairekta Kiswahili changu cha ofisini, haraka haraka, naye anaandika kwenye daftari. Kiswahili cha Bibi kilikuwa cha sokoni, hakufuata mnong'ono wangu.

"Muulize mume wake alimsaidiaje," Dairekta akasema.

Hapo Bibi aliacha kufinyanga, akaongea kwa muda mrefu. Alipomaliza, Dairekta alinitazama akiwa ameinua kalamu, na niliona machoni pake jibu analolitaka. Filamu ilikuwa kuhusu mzigo wa mwanamke. Nikampa analolitaka.

"Anasema mume wake alimfanya punda," nikasema. "Anasema alifanya kazi zote peke yake, na marehemu hakuwahi kumsaidia hata siku moja."

Dairekta akaandika, akapiga mstari chini ya maneno yale. Akanigusa bega, akasema, "Safi sana, Skola." Na mimi nikafurahi. Ulimi hauna mfupa, mwanangu, ndiyo maana unapinda upande wowote unakokwenda upepo.

Waliondoka. Nafasi ya Dar haikuja, wala barua haikuja. Kilichokuja ni kanda, mwaka uliofuata, imetumwa parokiani pamoja na salamu za shukrani kwa wanakijiji. Katekista akatangaza kwamba Jumapili baada ya misa watu wote waende ukumbini kujiona kwenye televisheni. Walitundika mablanketi madirishani kuzuia mwanga, wakawasha jenereta, na ukumbi ukajaa hata watoto wakakaa juu ya meza ya deki ya video. Nilikuja kutoka Kizwite nimevaa gauni jipya. Nilitaka watu wajue kwamba ile ni kazi yangu.

Bibi Gaudensia alikaa mstari wa mbele pamoja na wakwe zake. Alipotokea kwenye kioo watu walipiga makofi na vigelegele. Walicheka kuona sweta. Halafu akaanza kuongea, ikasikika sauti yake ya Kifipa kwa mbali kidogo, na papo hapo ikafunikwa na sauti ya mwanamke wa mjini, Kiswahili safi, polepole, kila neno limenyooka: "Mume wangu alinifanya punda. Nilifanya kazi zote peke yangu. Hakuwahi kunisaidia hata siku moja."

Jenereta peke yake ndiyo iliyokuwa inaongea.

Aliyesimama wa kwanza alikuwa Felista, wifi yake, dada wa marehemu. "Gaudensia!" akapaza sauti. "Kaka yangu huyu aliyelala pale makaburini, ndiyo ulikwenda kumwanika hivi kwa watu wa mjini?"

Bibi aligeuka taratibu, akawa ananitafuta kwa macho katikati ya watu. Na mimi, mwanangu, mimi niliyevaa gauni jipya, nilikuwa nimekwisha kuinama. Nilipita chini ya blanketi la dirisha la nyuma nikatoka. Nilitembea hadi barabara kuu bila kugeuka. Sikumwambia mtu.

Siku tatu baadaye, wakati wa mchana, nasikia hodi Kizwite. Alikuwa Bibi Gaudensia, amekuja kwa miguu, vumbi mpaka magotini. Mama yangu alimpokea, akamletea maji, akatuacha. Nikapiga magoti, "Shikamoo Bibi." Hakuitikia. Alikunywa maji yote kwanza.

"Sikuja kugombana," akasema. "Jumamosi ukoo wa mume wangu unakaa kikao. Wanasema mwanamke aliyemtukana marehemu hawezi kuendelea kula katika shamba la marehemu. Watanitoa. Mimi nimekuja kwako kuuliza jambo moja tu. Niambie, siku ile nilisema nini?"

Nikafungua mdomo. Nikasema kitu kuhusu udongo. Nikasema kitu kuhusu mto. Nikakwama. Na hapo ndipo aibu ilipoingia mpaka kwenye mifupa, kwa maana niligundua kwamba sikumbuki. Sikuwa nimemsikiliza. Wakati anaongea kwa kirefu vile, mimi nilikuwa natafuta maneno ya kumpa Dairekta. Nilimsingizia mtu ambaye hata sikumsikia.

Bibi akasema yeye mwenyewe:

"Nilisema marehemu mume wangu alikuwa akinibebea udongo kutoka mtoni. Begani, kwa mti, vikapu viwili. Nilisema wanaume wenzake walikuwa wakimcheka, wanamwita mke mdogo wa Gaudensia, na hakuacha. Miaka yote ya ndoa yetu hakuacha. Mara ya mwisho alikuwa tayari anaumwa, nikamwambia tua, akakataa. Hayo ndiyo niliyosema. Sikuwahi kumwambia mtu yeyote kabla ya siku ile. Nilimwambia yule mgeni kwa sababu aliuliza, na kwa sababu wewe ni mtoto wa kwetu, nikajua hayatapotea."

Machozi yakanitoka. Akanikemea: "Usinililie. Ungeniibia chungu, ningefinyanga kingine. Sasa umenichukulia mdomo wangu na mume wangu kwa pamoja. Nikafinyange wapi?"

Akainuka akaenda zake. Hakuniambia nije kwenye kikao. Mtu mwingine angeniamuru, na ningepata mtu wa kumchukia. Yeye aliniachia mwenyewe.

Nilikwenda. Kikao kilikaa uani kwa Mzee Pius, shemeji mkubwa wa Bibi, mtu wa maneno machache. Nilisimama mbele yao, nikasema kila kitu: kwamba Bibi hakusema vile, kwamba ni mimi niliyemtungia, kwamba nilitaka kazi. Nilidhani nikisema ukweli nitapokelewa kama mkombozi. Mnadhani hivyo hata ninyi, kwamba ukisema samahani basi dunia inarudi ilipokuwa.

Mzee Pius alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Binti, aliyesema uongo kwa Kiswahili anaweza kuusema hata kwa Kifipa. Tutajuaje kwamba Gaudensia hakukuomba uje umfunike?"

Njia ya mwongo ni fupi, na mimi nilikuwa nimefika mwisho wake.

Felista, yule wifi, ndiye aliyezungumza, bado kwa hasira. "Kwenye ile televisheni," akasema, "sauti ya Gaudensia ilikuwepo. Kabla ya yule mwanamke wa mjini kuanza. Mimi niliisikia. Ilikuwa chini, lakini ilikuwepo."

Basi tukaondoka uani pale, ukoo mzima, tukafuatana hadi ukumbini. Katekista akawasha jenereta tena. Sitasahau picha ile, na hakuna kamera iliyoipiga: wazee wa ukoo wamepiga magoti mbele ya televisheni, masikio wameyabandika kwenye spika, Mzee Pius amevua kofia. Katekista anarudisha kanda nyuma, anaachia, anarudisha, anaachia. Kila mara yule mwanamke wa mjini anatangaza punda wake kwa sauti safi, na wazee wanamwambia nyamaza mama, nyamaza, kana kwamba anawasikia. Walikuwa wanachimba chini ya Kiswahili kutafuta Kifipa.

Wakalipata neno moja. "Udongo," akasema Mzee Pius. Katekista akarudisha. "Begani." Akarudisha tena. Kuna mahali yule mwanamke alivuta pumzi kati ya sentensi mbili, na katika pumzi ile sauti ya Bibi ilipita wazi kabisa, kila mtu akaisikia: "...wakimcheka, na hakuacha."

Felista alikaa chini sakafuni. Akafunika uso kwa kanga. "Ni kweli," akasema. "Nami nilikuwa nikimcheka. Kaka yangu mwenyewe, nilikuwa nikimcheka." Bibi Gaudensia alikwenda akakaa karibu naye, na hao wawili wakalia pamoja kilio cha msiba uliokwisha kupita miaka mitatu. Sisi wengine tukatoka nje.

Shamba halikuguswa. Lakini usifurahi haraka, mwanangu. Nilimwandikia Dairekta barua, nikamweleza makosa yangu, nikamwomba arekebishe. Barua ya kwanza hakujibu. Ya pili alijibu kwa upole kwamba amesikitika, ila filamu imekwisha sambazwa, imeonyeshwa kwenye semina huko na huko, na watu wameipenda. Maji yakimwagika hayazoleki. Mpaka leo yupo mtu mahali fulani, hamjui Gaudensia, anajua tu kwamba mume wake alikuwa katili.

Kuhusu kunisamehe, sijui. Alikuwa akiniitikia shikamoo yangu, basi. Walikuja wapiga picha wengine baada ya hapo, Watanzania na wageni, kila mmoja akimtaka mfinyanzi mashuhuri, na yeye akiona kamera aliingia ndani akafunga mlango. Alipofariki, wanawe walitafuta picha ya kuweka juu ya jeneza wakakosa. Nilipewa kazi ya kuwaambia waombolezaji kwa nini hakuna.

Mimi niliendelea na ukalimani. Watu walishangaa. Lakini kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Nilitaka niifanye kazi ile ile mpaka niijue. Nimefanya na watu wa filamu wengi, na wengi wao walinichukia. Mama akimaliza kuongea, namrudishia kwanza yeye mwenyewe kwa lugha yake: Umesema hivi na hivi, ni sawa? Akisema si sawa, tunaanza upya, na mwenye kamera ananung'unika kwamba jua linaondoka. Liondoke! Kesho halitatoka?

Sasa jambo la juzi. Ndilo lililonipandisha hasira mpaka leo siwezi kunywa chai. Walikuja vijana watatu, wa hapa hapa mjini, wale wa salamu za mambo poa mshikaji wangu, na kamera ya kuruka angani. Wakaenda kwa jirani yangu Mama Kulwa, Msukuma, ambaye familia yake ilihamia huku na ng'ombe wao miaka mingi iliyopita. Walitaka kusikia habari za wanawake wafugaji. Kisukuma changu ni cha kuombea chumvi tu, lakini nilimsikia Mama Kulwa akiongea muda wa kuchemsha maji. Alitaja ng'ombe, alitaja binti yake, alionyesha kidole upande wa bondeni, sauti yake ilipanda ikashuka. Alipomaliza, kijana aliyekuwa akitafsiri akamgeukia mwenzake akasema, "Anasema anashukuru."

Anashukuru! Niliinuka na fimbo yangu. Ndiyo, nilimfukuza. Na nikikosea adabu, Mungu atanihukumu kwa hilo pamoja na mengine.

Basi nisikilize, mwanangu, wewe unayetaka kuwapa heshima akina mama kwa kamera yako. Heshima haiko kwenye mwanga mzuri wala kwenye muziki wa huzuni unaouweka chini. Ukienda kwa mtu, acha filamu yako mlangoni, uingie mtupu. Akivaa sweta, mpige picha na sweta lake. Amelinunua, ni lake. Akicheka, usimngoje alie. Akimsifu mumewe katika filamu yako ya kuwalaumu wanaume, basi filamu yako ndiyo yenye kasoro, si ndoa yake. Usiyemwelewa, usimfupishe, tafuta anayemwelewa, na huyo naye umwangalie vizuri asiwe kama nilivyokuwa mimi. Na kazi ikiisha, wa kwanza kuiona awe mwenye uso ule na mwenye sauti ile, kabla ya wakubwa, kabla ya wafadhili, kabla ya wageni wa mbali. Akisema toa, utoe. Utanung'unika, najua. Nung'unika, lakini utoe.

Nenda sasa, maana naona umeanza kuitazama saa. Mungu akupe sikio refu kuliko mkono. Akukutanishe na watu watakaokuamini, na akuogopeshe kila wanapokuamini. Uingie katika nyua za watu kwa hodi na utoke kwa kwaheri, na siku utakaporudi, wakuone kwa mbali na wakuwekee kigoda. Nenda na baraka zangu, mwanangu. Na mfunge huyo mbwa wangu aliyelala mlangoni unapotoka, asije akamng'ata Mama Kulwa.